Miezi miwili ya Arusha: mkazi wa Kigoma au Tabora anapodai haki ya mazingira

Mtu wa Kigoma au Tabora akiharibiwa mto, shamba au mwalo, jambo la kwanza anaambiwa ni kufuata ngazi. Anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha kata, halmashauri, ofisi ya mkuu wa wilaya. Kila ngazi inapokea barua, inagonga muhuri na kumwambia suala lake linafanyiwa kazi. Utaratibu huu una maana yake: migogoro mingi huishia hukohuko, bila wakili na bila nauli ya kwenda mbali. Lakini kwa anayewaza kwamba jambo likishindikana nyumbani atalipeleka mahakama ya kikanda, utaratibu huohuo unaweza kumfungia mlango kabla hajaufikia.

Sababu ni kwamba mahakama mbili za kikanda zinazotuhusu, zote zenye makao Arusha, zinahesabu muda kwa namna zinazopingana. Moja inakutaka uje haraka, ndani ya miezi miwili, hata kama hujamaliza kulalamika nyumbani. Nyingine inakutaka umalize kwanza mahakama za nyumbani ndipo uibishie hodi. Anayezichanganya hushindwa zote mbili, na hushindwa bila majaji kugusa kabisa suala la maji machafu au msitu uliofyekwa. Baadhi ya kesi za mazingira zinazosikika kwenye redio kuwa "zimetupwa" zilianguka hapo.

Tuzitaje taasisi zenyewe, maana hata kwenye habari huchanganywa. Ya kwanza ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Novemba 2001. Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Umoja wa Afrika, ambayo itifaki yake ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Kando yake ipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, Gambia; hiyo siyo mahakama, lakini hupokea malalamiko na kutoa uamuzi. Kuna watu bado huuliza kuhusu SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama. Mahakama ya SADC ilikuwa Windhoek. Baada ya kutoa hukumu dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya mashamba mwaka 2008, viongozi waliisimamisha mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakakubaliana kwamba raia wa kawaida asiwe na njia ya kuifikia. Huko usipoteze nauli.

Mlango wa Jumuiya

Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo iliyo karibu zaidi na mkazi wa mikoa hii, ingawa kutoka Kigoma hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, awe mtu binafsi au taasisi, haki ya kupeleka shauri kupinga sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha taasisi ya Jumuiya. Huhitaji kibali cha serikali yako. Huhitaji kupitia Mahakama Kuu kwanza. Wakili yeyote anayeruhusiwa kusimama mbele ya mahakama za juu za nchi mwanachama anaweza kukuwakilisha, kwa hiyo wakili wako wa pale Tabora mjini anatosha kisheria. Kama ameshawahi kuusoma Mkataba, hilo ni swali jingine, na ni vizuri ulimuulize kabla hujamlipa.

Ila soma tena hayo yanayoweza kupingwa. Yote ni matendo ya dola. Kampuni haishtakiwi pale. Kama kiwanda kinamwaga uchafu mtoni, mjibu maombi hawi kiwanda. Anakuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hoja inakuwa kwamba serikali ilitoa kibali isichopaswa kukitoa, au imefanya jambo linalokiuka wajibu wake chini ya Mkataba. Wengi hukwama hapa kwa sababu hasira yao iko kwa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda utamkuta mahakama za nyumbani.

Je, haki za binadamu zimo? Hapa pana mzunguko kidogo. Ibara ya 27 inasema mamlaka kamili ya mahakama juu ya haki za binadamu yatakuja baadaye, kwa itifaki maalumu, na itifaki hiyo imekuwa ahadi tangu Mkataba uanze kutumika mwaka 2000. Lakini mwaka 2007, katika shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, majaji walisema hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu ndani ya malalamiko kuna suala la haki za binadamu. Tangu hapo njia ikapatikana: huji na "haki yangu ya kuishi imevunjwa" peke yake, unakuja na "nchi hii imekiuka Ibara ya 6 na ya 7 za Mkataba, zinazoitaka iheshimu utawala wa sheria na haki zilizomo katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu". Kwa mazingira kuna faida ya ziada. Mkataba wa Jumuiya una sura nzima kuhusu mazingira na maliasili, kuanzia Ibara ya 111, inayotamka kwamba mazingira safi na salama ni sharti la maendeleo endelevu. Ibara ya 112 inazitaka nchi zidhibiti uchafuzi unaovuka mipaka.

Kwamba ibara hizi zina meno ilionekana kwenye kesi ya barabara ya Serengeti. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifungua shauri dhidi ya Tanzania mwaka 2010 kupinga mpango wa kuweka lami kwenye barabara inayokatiza kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya nyumbu wanaohama. Juni 2014 Divisheni ya Awali, ngazi ya kwanza ya mahakama hiyo, ilitamka kwamba mpango huo ungekiuka Mkataba na ikazuia lami hiyo, na mwaka uliofuata Divisheni ya Rufaa ikaacha kiini cha uamuzi huo kisimame. Yapo mawili ya kuzingatia. Mlalamikaji alitoka nchi nyingine. Na alikwenda mapema, barabara ikiwa bado ni mpango kwenye karatasi.

Saa inaanza lini

Hilo la pili ndilo lenye uzito. Ibara ya 30(2) inasema shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria kutungwa au kuchapishwa, tangu agizo, uamuzi au kitendo kinacholalamikiwa, au, pasipokuwa na hivyo, tangu siku mlalamikaji alipojua. Mwaka 2012, katika shauri la mateso na mauaji ya Mlima Elgon nchini Kenya, Divisheni ya Rufaa ilikaza kamba zaidi. Walalamikaji walidai ukiukaji unaendelea, kwa hiyo muda haujaisha. Majaji walisema Mkataba hautambui ukiukaji wa kuendelea kwa hesabu hiyo, wala hauipi mahakama uwezo wa kuongeza muda.

Kwa mtu wa mazingira, huo ni msumari. Uharibifu wa mazingira kwa asili yake ni jambo la kuendelea: sumu hujikusanya, samaki hupungua msimu baada ya msimu, kisima hubadilika ladha taratibu. Sheria haisubiri hayo. Inauliza karatasi ilisainiwa lini.

Watu wa Nzega na Igunga wana mfano mlangoni kwao. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita mkoa wa Tabora, na karakana ya kuyavika mabomba tabaka la kuhifadhi joto ilijengwa Sojo, wilayani Nzega, kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito kama nta na lazima yasafirishwe yakiwa ya moto. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia, likiwemo moja la Zanzibar, yalifungua shauri Arusha kupinga mradi kwa hoja za mazingira, hali ya hewa na haki za binadamu. Novemba 2023 Divisheni ya Awali ikalitupa: walikuwa wamechelewa. Kwa mujibu wa majaji, saa ilianza tangu mwaka 2017, makubaliano ya serikali mbili yalipotiwa saini. Walalamikaji walikata rufaa, lakini somo kwa mwanakijiji lilishakamilika. Mwaka 2017 Sojo hapakuwa na karakana, na waguswa wengi wa mradi walikuwa bado hawajaona mthamini akipita na kanda yake ya kupimia.

Naona tafsiri hiyo ni kali mno kwa watu wa vijijini. Makubaliano ya serikali mbili hayabandikwi kwenye mbao za matangazo za kata. Lakini ndiyo sheria ilivyo kwa sasa, na anayejipanga ajipange nayo.

Nitoe mfano wa kubuni. Mama anaanika dagaa kwenye chanja, mwalo mmoja kusini mwa mji wa Kigoma. Machi, ofisi fulani inatoa kibali cha mradi utakaotiririsha maji yake ziwani. Aprili, wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira wanaitisha mkutano. Mama anahudhuria, anasaini orodha ya mahudhurio, anakunywa soda, anarudi kwenye chanja zake. Agosti maji ya pwani yanabadilika rangi na wachuuzi wanaanza kukataa mzigo wake. Anakwenda kwa mtendaji na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Anaambiwa, "Mama, hili limeshafika wilayani, vuta subira." Anavuta subira mpaka Desemba, kisha mjukuu wake anayesoma chuo anampeleka kwa wakili. Kwa hesabu ya Arusha, mama huyu amechelewa. Kitendo ni kibali cha Machi. Akisema hakukijua, wakili wa serikali anaweza kutoa ile orodha ya Aprili yenye saini yake. Miezi minne ya kuvuta subira haipunguzwi kwenye hesabu. Mahakama hii haidai umalize njia za nyumbani, kwa hiyo muda uliotumia huko ni wako mwenyewe.

Hata jambo lililotangazwa nchi nzima lina mtego wake. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sisemi hatua ile ilikuwa haramu. Wavuvi wengi waliiona ngumu, wataalamu waliitetea. Lakini kama mtu angetaka kuipinga Arusha, kungoja ziwa lifunguliwe ndipo afungue shauri kungekuwa kujifunga mwenyewe: kati ya kufungwa na kufunguliwa ni miezi mitatu, na uamuzi wenyewe ulitangulia.

Je, tuache kufuata ngazi? Hapana. Barua za mtendaji na halmashauri zina kazi kubwa, kama nitakavyoeleza. Zinapaswa kwenda sambamba na wakili anayehesabu miezi miwili pembeni, siyo kumtangulia. Na mahali pa kuweka sikio ni kwenye hatua za mwanzo: tangazo la mradi, mkutano wa tathmini, cheti cha mazingira, tangazo la kubadili matumizi ya ardhi au kupandisha hadhi ya msitu. Ukiona vigingi vinasimikwa, uliza vimesimikwa kwa tangazo gani na la tarehe ngapi, na tarehe hiyo uiandike.

Ushahidi na mpaka

Waliowahi muda nao hawakupata mteremko. Mwaka 2017 halmashauri za vijiji vinne vya Loliondo, wilayani Ngorongoro, zilifungua shauri wiki chache baada ya watu kuondolewa na maboma kuchomwa. Mwaka 2018 walipata amri ya muda ya kuzuia uhamishaji. Septemba 2022 Divisheni ya Awali ikalitupa shauri: walalamikaji, ilisema, hawakuthibitisha kwamba uhamishaji ulifanyika ndani ya ardhi ya vijiji na siyo ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikaona ushahidi haukupimwa ipasavyo na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Miaka sita, na mwisho wake ni kuanza tena.

Mgogoro wa namna hii Tabora inaujua. Mkoa una misitu ya hifadhi na mapori mengi, kuanzia Sikonge na Kaliua hadi Urambo, na vijiji vya wafugaji, warina asali na wakulima wa tumbaku vinapakana navyo kwa mipaka ambayo kila upande una simulizi yake. Mzee atakuonyesha mti wa mninga ambao baba yake alitundika mzinga, na atakuwa anasema kweli kabisa. Mahakama ya kikanda itauliza mti huo uko kwenye nyuzi ngapi, na nyuzi hizo ziko upande gani wa mpaka uliotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Cheti cha ardhi ya kijiji, ramani iliyosajiliwa, mpango wa matumizi bora ya ardhi, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji: hivi ndivyo vinavyobeba kesi. Picha za simu zinasaidia kama simu imewashwa mahali na tarehe, na kama aliyezipiga yuko tayari kuapa kwamba ni zake. Mpimaji awe mwenye sifa na usajili unaotambulika hapa nchini, ili upande wa pili usipate pa kumshikia.

Kwa maji, kazi ni ya maabara. Chupa ya maji machafu iliyokaa jikoni wiki tatu haimsaidii mtu. Sampuli ichukuliwe na anayejua kuichukua, iandikwe saa na mahali, ipelekwe panapotambulika. Kigoma ina bahati kwamba Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko palepale mjini, na kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI vilevile. Hapa ndipo zile barua za ngazi zinapolipa: barua yenye muhuri wa kupokelewa, ikiomba bodi ije kupima, ni ushahidi kwamba ulilalamika na kwamba dola ilijua. Kikija kipimo, umepata takwimu. Kisipokuja, nako kunya­maza kwao kumeandikwa.

Mahakama ya pili

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina sheria tamu zaidi na mlango mwembamba zaidi. Inasimamia Mkataba wa Afrika uliopitishwa mwaka 1981, ambao Ibara yake ya 24 inatamka haki ya watu wote kuwa na mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Na imeonyesha kwamba inaweza kuitumia. Agosti 2006 taka zenye sumu zilizoletwa na meli ya Probo Koala, iliyokodishwa na kampuni ya Trafigura, zilimwagwa sehemu mbalimbali za jiji la Abidjan. Serikali ya Côte d'Ivoire ilitaja vifo 17, na watu wapatao 100,000 walitafuta matibabu. Septemba 2023 mahakama iliitia hatiani Côte d'Ivoire kwa kuvunja haki za uhai, afya, mazingira, kupata habari na kupata nafuu ya kisheria. Hoja ya msingi ni hii: hata kama taka zimeletwa na kampuni, dola ina wajibu wa kuzizuia, kuchunguza na kuhakikisha waathirika wanalipwa. Ndiyo hoja ambayo mtu wa kando ya kiwanda angetamani kuisimamia.

Tatizo ni tamko. Ili mtu binafsi au shirika lifungue shauri moja kwa moja, nchi inayoshtakiwa lazima iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu hivyo. Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyofunguliwa kabla yaliendelea. Mapya, hapana. Ni kinaya cha aina yake kwamba nchi mwenyeji wa mahakama, yenye Kiswahili kilichokubaliwa mwaka 2022 kuwa lugha rasmi ya kazi ya Umoja wa Afrika, raia wake hawana ruhusa ya kuingia kwa miguu yao.

Kilichobaki ni mzunguko wa Banjul. Tanzania bado ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika na wa Itifaki ya mahakama, kwa hiyo mwananchi anaweza kulalamika mbele ya Tume, na Tume yenyewe inaweza kuipeleka nchi mahakamani. Ndivyo walivyofanya Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, nchi ambayo haikuwa na tamko. Walilalamika kwa Tume mwaka 2009 baada ya kutakiwa kuhama msituni, Tume ikapeleka shauri mahakamani mwaka 2012, hukumu ya kuwapa haki ikatoka Mei 2017, na amri ya fidia Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, pamoja na kurudishiwa ardhi ya asili yao. Miaka 13 kutoka barua ya kwanza hadi hesabu ya fedha. Kwa njia hii usianze ukiwa umechoka.

Na kwa njia hii, tofauti na ya Jumuiya, kufuata ngazi ni lazima, ila ngazi zenyewe ni za mahakama. Barua kwa mkuu wa wilaya haihesabiwi kuwa njia ya ndani iliyomalizika. Lazima uonyeshe kwamba ulikwenda mahakamani na kufika mwisho, au kwamba mahakama zilikuchelewesha kupita kiasi. Kigoma na Tabora zote zina kanda za Mahakama Kuu, kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji safari ya Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na ya afya, na inaruhusu kufungua shauri kuilinda. Nyuma yake kuna Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, ambayo wakazi wa Tabata waliitumia dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kupinga dampo la taka karibu na nyumba zao. Jaji Lugakingira aliwapa ushindi, na maneno yake bado yananukuliwa hadi leo. Wasichosema wanaonukuu ni kwamba dampo lilitafutiwa jirani mwingine, na miaka michache baadaye wakazi wa Kunduchi Mtongani nao wakawa mahakamani.

Kitu kimoja kilibadilika baada ya enzi hizo. Marekebisho ya mwaka 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi ukiukaji ulivyomgusa yeye binafsi. Shirika la mjini likawa haliwezi kubeba jambo la kijiji kirahisi kama zamani. Kwa hiyo jina la mwanakijiji mwenyewe, mwenye shamba au mtumbwi, ndilo lililotakiwa juu ya karatasi, na hilo lina uzito wake mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu.

Wanaodai fidia ya shamba peke yake, kwamba mthamini alikosa miembe kumi au bei ilikuwa ya zamani, njia yao ni nyingine kabisa. Hayo ni madai ya ardhi na uthamini, yana vyombo vyake hapa nchini, na hakuna haja ya kuyapeleka Arusha.

Ziwa lenye nchi nne

Kuna jambo moja ambalo Kigoma inalo na mikoa mingi haina. Ziwa Tanganyika linagawanywa na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia iko Bujumbura. Mkataba huo ni wa serikali kwa serikali. Mvuvi wa Katonga hawezi kuutumia kushtaki mtu. Lakini Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo imekuwa mwanachama kamili tangu Julai 2022. Maana yake, kwa maandishi ya Ibara ya 30, mkazi wa Kigoma anayeathirika na uamuzi wa serikali ya Burundi au ya Kongo unaochafua ziwa anaweza kuishtaki serikali hiyo Arusha, kama lile shirika la Nairobi lilivyoishtaki Tanzania, akishika mkononi kifungu cha uchafuzi unaovuka mipaka. Mkazi wa Uvira naye anaweza kuishtaki Tanzania. Zambia haimo kwenye Jumuiya, kwa hiyo uchafu ukitokea Mpulungu hoja hii haifanyi kazi.

Ugumu utakuwa kwenye kuhusisha chanzo na madhara, maana ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina mikondo yake na halina mstari wa mpaka unaoonekana ndani ya maji. Na si kila msiba wa ziwa una mshitakiwa. Maji yalipopanda miaka ya karibuni na kumeza nyumba na bustani za pwani ya Kigoma na Ujiji, chanzo kikubwa kilikuwa mvua, na mvua haina Mwanasheria Mkuu. Unaweza kuhoji uamuzi uliofanywa kuhusu mvua hiyo: viwanja vilivyopimwa na kuuzwa kwenye ukanda wa pwani, kwa mfano. Kuhusu mabadiliko ya tabianchi yenyewe, Mei 2025 umoja wa wanasheria wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika itoe maoni ya ushauri juu ya wajibu wa nchi. Maoni ya namna hiyo hayamlipi mtu fidia, lakini mawakili wataweza kuyanukuu Mahakama Kuu ya Kigoma, na pengine hiyo ndiyo faida ya haraka zaidi ambayo Arusha inaweza kuupatia mkoa huu.

Ukishinda

Mahakama ya Jumuiya haina askari. Ibara ya 38 inaitaka nchi itekeleze hukumu bila kuchelewa, na amri ya fedha inatekelezwa kwa taratibu za madai za nchi husika. Nguvu halisi ya hukumu iko kwenye kutamka kwamba jambo ni haramu na kwenye zuio la muda. Zuio lenyewe halitoshi kila mara: Juni 2022, shauri la Loliondo likiwa bado linasubiri hukumu, vigingi vilisimikwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Lakini kuna wanaoisoma hukumu kwa makini kuliko serikali, nao ni wakopeshaji. Benki na mashirika ya bima yanayofadhili miradi mikubwa huuliza kama kuna shauri mahakamani, na shauri lililo hai hupandisha gharama ya mkopo. Mawakili wengi wa mazingira hufungua shauri wakiwa na msomaji huyo akilini.

Gharama za kuanza si kubwa kama watu wanavyodhani. Mahakama ina masjala ndogo Dar es Salaam na hupokea nyaraka kwa njia ya mtandao, kwa hiyo safari ya Arusha inaweza kungoja siku ya kusikilizwa. Gharama kubwa ni mpimaji, maabara, mashahidi, na tafsiri, kwa kuwa lugha ya mahakama ni Kiingereza: kila muhtasari wa kijiji na kila kiapo cha mzee vitatafsiriwa kabla jaji hajavisoma. Fedha hizo kijiji kinazihitaji ndani ya miezi miwili ya kwanza, kwa hiyo mkutano mkuu unaojadili mradi ndio huohuo unaopaswa kuamua nani atazichanga na nani atashika nakala za barua.